Mama Hakuhama

Habari ya kuhama aliianza kaka yangu mkubwa. Yeye anakaa Olasiti, kazi zake ni za kompyuta huko mjini, na kitu chochote kipya kikitoka lazima kimpitie yeye kwanza ndipo kitufikie sisi wengine. Asubuhi moja akaandika kwenye kundi letu la familia kwamba mtandao tunaotumia kuchati si salama tena, wenyewe wanasoma meseji zetu, kwa hiyo anahamia mtandao mwingine mpya na anatuomba wote tumfuate.

Nilikuwa kwangu Tengeru namwagilia miche ya kuuza, mikono imejaa tope. Nikaifuta kwenye khanga nikampigia hapo hapo.

"Wakisoma watakuta nini, kaka? Kwamba ng'ombe wa mama amezaa? Kwamba upepo umeangusha mgomba? Waache wasome, labda watatuma pole!"

Akacheka. Akasema mimi ni mbishi tangu tukiwa wadogo. Ni kweli, wala sikatai. Nikamuuliza, "Na mama je?" Hapo kicheko kikaisha. Akasema mama tutamhamisha baadaye, tukishampatia simu nzuri.

Simu ya mama ilikuwa ya huyo huyo kaka, aliyoichoka mwenyewe, kioo kimepasuka pembeni. Mtandao mpya ulikuwa umeikataa kabisa, imezeeka mno. Mama aliishi peke yake kule juu mlimani, kwenye kahawa na migomba aliyoachiwa na baba, na macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, hasomi hata kitabu cha nyimbo. Nyimbo alikuwa nazo kichwani. Mjukuu mmoja alimfundisha kubonyeza alama ya kipaza sauti na kuachia, na elimu yake ya simu ikaishia hapo. Netiweki ilipatikana kwenye banda la ng'ombe tu, kwa hiyo simu ilikaa ndani ya kimfuko cha kitambaa, imetundikwa kwenye msumari wa nguzo ya banda. Ikilia, mama anatoka jikoni kuifuata.

Kila asubuhi akishakamua alibonyeza akaongea. Alituita kwa mahali tunapokaa, kwa kufuatana tulivyozaliwa: "Wa Olasiti, umeamka? Wa Tengeru, umeamka? Wa Makumira, umeamka? Wa Dar, baba, umeamka? Mimi nimeamka." Nyuma yake unasikia ndoo na jogoo. Tulijibu mmoja mmoja kwa sauti, na chai yake hakuinywa mpaka awe ametusikia wote wanne.

Basi wakahama. Mdogo wangu wa Makumira, anayefanya kazi ofisini pale chuoni na hapendi kuonekana mtu wa nyuma, akalefti wa kwanza, akajitoa kundini. Kitinda mimba wa Dar akafuata, maana yule hajawahi kutangulia mahali. Kaka akalefti mwisho, akaacha kialama cha mkono wa kupunga. Nikabaki mimi na mama, na juu yetu ile picha ya kundi, ya ubatizo wa mtoto wa kaka, familia nzima imejipanga mbele ya kanisa.

Mama hakuona kitu. Maneno ya kwamba fulani ameondoka ni madogo, na hata yangekuwa makubwa kama ubao wa matangazo ya kanisani asingeyasoma. Akaendelea kuita. Jibu likawa langu peke yangu. Nikaona huu ni ujinga, nikapanda kwenda kumwambia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mama. Umekuja na jua lote hili?"

"Mama, wenzangu wamehama."

"Wamehamia wapi? Jumapili si wamenipigia, hawakusema."

"Si nyumba, mama. Wamehama kwenye simu. Lile kundi unaloongea asubuhi, wametoka. Wako kwenye lingine."

Akakaa akifikiri, mkono uko kwenye shingo ya ndama. "Wametoka wakaniacha mimi humo ndani?"

Jamani, ungejibu nini? Nikababaika, nikaanza habari za simu kuukuu na mambo ya usalama. Akanikatisha. "Basi. Mimi sijahama. Anayetaka kuniitikia anajua nilipo."

Kesho yake asubuhi akatuita tena wote wanne, vile vile kama jana. Nikampigia kwa hasira, "Mama, si nilikwambia?" Akasema, "Mtoto haachi kuitwa kwa sababu haitiki." Nikakata simu nikalia kwenye miche yangu, mteja akadhani nimefiwa.

Siwasingizii wenzangu. Simu walimpigia, Jumapili baada ya ibada, shikamoo mama, umeamkaje, dawa unakunywa, haya mama tutaongea. Wala hawakumchukia. Walikuwa wamezoea kwamba mambo ya maana yanaongelewa kwenye kundi, na simu ni ya salamu.

Mwaka jana masika yalipokwisha, miguu ya mama ikaanza kuvimba. Akitoka bandani mpaka jikoni anasimama njiani kuvuta pumzi. Nilimpeleka hospitali, moyo ukaonekana umechoka, akapewa vidonge. Baada ya siku chache asubuhi hakutuita kwa mahali. Alisema hivi: "Wanangu wanne. Nataka mje nyumbani siku moja, wote, niwawekee mikono kichwani nikiwa bado nasimama. Nimemaliza."

Kwetu neno la namna hiyo halisemwi mara mbili. Mzazi akikuitia baraka anakuita mara moja, kisha anasubiri. Akirudia, hiyo tena si kuita, ni kuomba, na mzazi hamwombi mtoto aje kubarikiwa. Nilimsihi, "Jumapili wakipiga waambie mwenyewe, mama, huko hawajasikia." Akasema, "Nimeshasema. Wewe si umesikia? Waambie wenzako."

Nikampigia kaka. Nikamweleza neno kwa neno.

"Sawa," akasema, "hilo jambo la familia, liweke kwenye kundi tulijadili."

"Kaka, nakupigia simu. Sauti unayoisikia ni yangu. Unataka niliweke wapi tena?"

"Tukipanga huku na huku tutachanganyikiwa. Ingia kule, ni dakika moja tu."

"Nitaingia siku mama akiingia."

"Una kichwa kigumu wewe."

"Tumbo ni moja," nikamjibu.

Wale wawili nao niliwaambia. Wote wakasema sawa dada, tutapanga. Nikamrudishia mama majibu hayo hayo, kwamba watapanga. Akaitika tu. Alichotaka ni kusikia vinywa vyao.

Jumapili zikaja na simu zao. Mama anaweka sauti kubwa kwa ajili ya masikio yake, mimi nimekaa jirani namenya ndizi, naye anasubiri. Shikamoo mama. Miguu je? Usile chumvi, mama. Haya, ubaki salama. Simu inakatika, mama anaitazama kidogo, halafu ananiambia, "Hajasema." Hilo tu, hajasema, kisha anairudisha msumarini. Nilimpigia kaka mara nyingine, akasema, "Tunalifanyia kazi." Kama waziri, haki ya Mungu! Nikasusa. Nikasema sitamsemesha tena mtu mzima juu ya mama yake.

Vuli ilipoanza, asubuhi moja sauti haikuja. Nikasubiri, nikajidanganya ni mvua imeharibu netiweki. Nikapanda. Ng'ombe alikuwa analia, hajakamuliwa, na mama alikuwa kitandani, amelala ubavu, blanketi limefika kidevuni, mwili umeshapoa.

Nilimpigia kaka, kaka akaweka kwenye kundi lao, na siku ile ile wote wakafika. Wa Dar alikuja kwa ndege. Nilimtazama akishuka kwenye gari na miwani yake nikajiuliza ndege hiyo siku zote ilikuwa imefichwa wapi.

Tukamzika kwenye migomba, karibu na baba. Siku tuliyoanua tanga, ndugu wakishaondoka, tulikaa wanne uani kwenye viti vya kukodi ambavyo havijarudishwa. Mdogo wangu akasema mama amekwenda kwa amani. Hapo nikalipuka.

"Amani ipi? Aliwaita mkakataa! Amekufa anajua watoto wake watatu wamekataa mikono yake!"

Kaka akaniangalia kama nimempiga kofi. "Nani alikataa?" Akatoa simu, akafungua ule mtandao mpya, akanipa. Nikasoma. Mwezi wa nane alikuwa ameandika: mama anatuita sote, nyumbani, Krismasi siku ya pili, mnaonaje? Mdogo wangu ameweka moyo mwekundu. Wa Dar ameandika, nimeshaomba likizo. Chini yake vidole gumba, na mtu ameuliza nani ataleta mbuzi. Walikuwa wamekubali wote, tena kwa furaha.

"Nani alimwambia mama?" nikauliza.

Mdogo wangu akamtazama kaka. Kaka akamtazama mdogo wangu. Wa Dar akatazama viatu vyake. Nikaona wazi kila mmoja alivyokuwa akidhani mwenzake amesema.

Kaka akasema taratibu, "Nirudishe kwenye kundi la mama." Alipotoka yeye usimamizi wa kundi ulinibakia mimi, kwa hiyo nikamrudisha. Akavuta juu, akavuta chini. "Mbona hakuna kitu?"

"Linakuanzia leo," nikamwambia. "Ya nyuma hupewi."

Sikuwa na huruma hata chembe, nakiri, na sikuitafuta. Nikaweka simu yangu juu ya kiti katikati yetu nikawafungulia sauti ya mwisho ya mama, ya siku moja kabla. Ndoo, jogoo, pumzi fupi. "Wa Olasiti, umeamka? Wa Tengeru, umeamka? Wa Makumira, umeamka? Wa Dar, baba, umeamka?" Kisha jogoo peke yake, mpaka unadhani amesahau kuachia kidole. "Wa Tengeru ataniitikia. Wengine hawakusema. Sawa. Mimi nimeamka."

Mdogo wangu akajifunika uso kwa khanga. Wa Dar akainuka akaenda kusimama kwenye migomba. Kaka akabaki ameshika simu yake kwa mikono miwili, mtu mzima mwenye mvi, akabonyeza kipaza sauti kwenye lile kundi tupu.

"Mama, ni mimi wa Olasiti. Tulikubali, mama. Tulikubali wote."

Akaachia. Simu ya mama nilikuwa nimeichaji nikaitundika mahali pake, maana watu wa kanisani walikuwa bado wanapiga kutoa pole. Ikalia kule bandani, msumarini. Ng'ombe akageuza shingo kutazama mlango wa jikoni, maana amezoea ikilia hivyo mama anatoka.