Walihesabu Watu Siku ya Mnada

Emiliana Mughwai alianza na katoni moja ya sabuni, akaitandaza chini kwenye mnada wa Ihanja, ule wa ng'ombe na mbuzi unaofanyika mara moja kwa mwezi. Baadaye akapanga fremu, chumba kimoja cha duka cha mzee Naftali, kando ya barabara kuu, akakaa humo miaka tisa. Namfahamu kwa sababu nanunua alizeti. Wateja wake wengine humlipa kwa alizeti, naye huniuzia mimi. Sijawahi kumshinda kwenye bei hata siku moja.

Kulikuwa na supamaketi inaitwa Jaza Kikapu. Ilikuwa na duka moja Singida mjini, likajaa watu, na wenye duka wakadhani ni akili zao, kumbe ni stendi iliyokuwa jirani. Wakapanga kufungua mengine sita ndani ya mwaka mmoja. Ihanja wakaja vijana watatu na simu zao, wakiongozwa na Gerald, ambaye ndiye angekuwa meneja. Wakasimama kuhesabu wapita njia. Siku yenyewe ilikuwa ya mnada.

Emiliana akawauliza kutoka mlangoni kwake, "Kaka, mnahesabu nini?"

"Wateja, mama. Tumeshafika elfu tatu."

"Na kesho mtakuja kuhesabu?"

"Ya nini? Mji wenu umechangamka mno!"

Akawauzia maji ya kunywa, akarudi ndani. Mtu asiyekuuliza humfundishi bure.

Mwezi haukuisha, mzee Naftali akaja. Jaza Kikapu walitaka fremu zake zote tatu, wavunje kuta za kati liwe duka moja, na walikuwa wamempa kilemba kizito, ile pesa ya kumshika mkono mwenye nyumba kabla kodi haijaanza.

"Wiki mbili, Emiliana, uwe umehama."

"Miaka tisa nakuamkia, mzee, imenipa wiki mbili?"

"Biashara, mwanangu."

"Sawa. Hilo neno nitalitunza."

Fremu ni matofali tu. Kilichokuwa kinamponyoka ni kona. Hapo ndipo njia tatu za vijijini zinapoingia barabarani. Anayekwenda kusaga, anayetoka zahanati, wote lazima wapite mlangoni kwako. Aliniambia siku anapakia mzigo kwenye kirikuu, "Kona hii nitairudia, na bei nitapanga mimi." Nikamjibu wengi wamesema hivyo. Akanitoza kodi ya turubai alilokuwa ameniazima.

Akaanza kuzunguka na minada, leo Ihanja, wiki ijayo Kinyangiri, halafu kwingine. Kinyangiri nako akakuta Jaza Kikapu imeshafunguliwa, rangi mpya inanukia. Akanipigia simu anacheka hadi anakohoa.

"Unajua walichofanya? Kila kituo wamehesabu siku ya mnada! Madalali wa mbuzi ni wale wale, wauza mitumba wale wale. Calist mchoma nyama peke yake ni wateja sita!"

Na kweli. Mnada ukivunjika, Ihanja inabaki na wenyeji wake, na mwenyeji anataka sukari robo. Jaza Kikapu waliuza kilo iliyofungwa. Ukitaka pungufu, nenda zako. Halafu wakapanga rafu nzima ya mafuta ya alizeti, ya chupa, yametoka Dar es Salaam. Unamletea Mnyaturu mafuta ya alizeti! Mashine ya kukamulia iko nyuma ya duka lao, inawapigia kelele mchana kutwa. Nilipita siku moja nikamkuta Gerald anapangusa friji, na mlinzi ameegemea mlango ambao hakuna anayeusukuma.

Mwezi wa kumi na moja walifunga manne kati ya yale sita. Ihanja ikawa ya kwanza.

Mnada uliofuata, mzee Naftali akaja hadi kwenye turubai la Emiliana.

"Shikamoo mzee," akasema Emiliana. Heshima hakuipunguza.

"Marahaba. Mwanangu, fremu yako inakungoja. Kodi ile ile."

"Fremu yangu iko wapi? Si mlivunja kuta?"

Mzee akakohoa.

"Nachukua zote tatu," Emiliana akaendelea, "kwa kodi ya moja na nusu. Miaka mitano, kwa maandishi, mbele ya mtendaji. Kilemba sitoi."

"Utaniua!"

"Ihanja nzima, nani mwingine atapanga ukumbi?"

"Kodi ya mbili basi."

Emiliana akageuka kumhudumia mteja wa chumvi. Mzee akasimama juani. Mteja wa chumvi akaondoka, akaja wa viberiti.

"Moja na nusu," mzee akasema.

"Biashara, baba."

Rafu za Jaza Kikapu nilizitaka mimi, niweke ghalani. Nikajua kwao kusafirisha vyuma hadi Dar kuviuza ni hasara, kwa hiyo nikasubiri Gerald alegee. Nilipofika, Emiliana alikuwa ameshazinunua kwa bei ya kuni, na friji moja juu yake. Gerald alikuwa anamsaidia kupanga.

"Mama, ungetuambia ile siku," akamwambia.

"Nilikuuliza kama kesho mtakuja. Ukasema ya nini."

Alifungua Jumanne, siku isiyo na mnada wala gulio. Pipa la mafuta ya alizeti lenye koki mlangoni, mizani katikati, sukari wazi, unapimiwa ya uwezo wako. Kufika saa nne, watu walikuwa wamejaa hadi barazani, wote wenyeji, na nilipanga foleni kama wengine. Mbele yangu alikuwa mzee Naftali, sukari robo. Emiliana akapima, mizani ikatulia sawasawa.

"Na nyongeza?" mzee akauliza, kiganja wazi.

"Nyongeza ni ya wateja wa siku zote, mzee. Wewe ndiyo kwanza umeanza leo."