Nyimbo Zilizopotea Jina

Miaka ile ya soko huria, maduka ya mtaa wa Mirongo yalipoanza kujaa bidhaa za nje, nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ndogo yenye kompyuta moja. Mchana joto lilileta usingizi. Upepo wa ziwa uliingia na harufu ya dagaa, na maandishi ya kijani yaliwaka kwenye kioo cheusi kama vitu vilivyo chini ya maji.

Siku moja aliingia bibi wa Kijita, aliyehamia kwa binti yake mjini kutoka mwambao wa Mara.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Niandikie nyimbo nilizobembelezea wanangu. Watoto wa huku wanalazwa na redio."

Akakaa, akafumba macho, akaimba. Kijita sikukijua vizuri. Niliandika nilivyosikia, naye akanirekebisha. Kuna wakati vidole vilisimama vyenyewe, nikawa kama nimesinzia huku macho yakiwa wazi. Kazi niliihifadhi kwa jina la BEMBELEZ, maana mashine ile haikukubali jina la zaidi ya herufi nane. Printa ilikuwa imeishiwa utepe wa wino, tukakubaliana arudi wiki inayofuata.

Kesho yake tajiri wangu aliwahi ofisini kuandika bei za nyavu za mteja. Mashine ikamwambia haina nafasi. Akafuta majina asiyoyatambua, akaendelea na kazi yake. Nilipofika, BEMBELEZ haikuwepo. Nililitafuta jina lile juu na chini.

"Nilidhani ni takataka," tajiri alisema kwa sauti ndogo, akaenda mwenyewe kumwita fundi wa kompyuta kule Nyegezi.

Fundi alikuwa dada mpole, msemaji wa polepole. "Mmeandika nini baada ya kufuta?"

"Bei za nyavu tu," tajiri akajibu.

"Basi msiguse tena. Mashine ina orodha ya majina, na kila jina linaonyesha kazi inaanzia wapi kwenye diski. Ukifuta, inaondoa herufi ya kwanza ya jina, halafu inapahesabu pale kuwa patupu. Maneno yenyewe bado yapo, mpaka mengine yaandikwe juu yake."

Akaandika amri fupi. Likatokea EMBELEZ, na alama ya kuuliza mbele yake. Mashine ilitaka herufi ya kwanza.

"Iweke wewe," akaniambia.

Nikabonyeza B. Nyimbo zikaanza kupanda kutoka gizani, mstari baada ya mstari, na sauti ya bibi nikawa naisikia kabisa. Wimbo wa mwisho tu ulikatika katikati, zikafuata bei za nyavu.

Bibi aliporudi nilimweleza yote. Hakukasirika. Alikisogelea kioo, akauliza:

"Sasa zilipokuwa hazina jina, zilikuwa wapi?"

"Palepale, bibi. Mashine ilikuwa haijui tu pa kuanzia."

"Hata mimi huwa hivyo," akasema. "Nikipata neno la kwanza, mengine yanakuja."

Tajiri akainuka, akafunga mlango ili kelele za barabarani zisituingilie. Bibi akaimba wimbo ule uliokatika tangu mwanzo, nami nikaandika mpaka alipofika mwisho. Tukachapa nakala mbili kwa utepe mpya. Moja aliifunga kwenye kanga yake. Ya pili akaiacha mezani kwangu.

"Hiyo ya kwako," akasema, "kwa watoto utakaowazaa."