Lango la Mwalimu Kadii

Mwalimu Kadii, Mgiriama wa maneno mengi na kicheko cha kusikika ng'ambo ya mto, alifundisha darasa la kwanza karibu na Garsen miaka ile ya hamsini. Watoto waliowashinda walimu wengine waliletwa kwake. Ukimwambia mtoto fulani ni mjinga, kicheko kilikatika hapo hapo, nawe ungejuta kufungua kinywa.

Mwaka huo aliletewa Guracha, mtoto wa Kiorma. Msomee hadithi mara moja, atakusimulia yote, na chumvi atatia. Sasa mpe kitabu, maskini, jasho linamtoka. Herufi zilimchanganya, akaruka mistari, akashika neno la juu na la chini kwa pamoja. Baba yake, Mzee Godana, alikuwa amekwisha kutoa kauli: mvua zikianza, ng'ombe wanaondoka mtoni kurudi nyikani, na Guracha akiwa bado hajui kusoma atakwenda nao. Kadii alikosa raha kabisa. Alimpenda yule mtoto, na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya.

Asubuhi moja alikwenda kwa kina Guracha kununua maziwa, akamkuta mtoto amesimama kwenye lango la zizi. Ng'ombe walitoka mmoja mmoja, naye akiwataja kwa majina, na aliyebaki ndani akamjua pale pale. Kadii akamuuliza kwa nini asiwataje wakiwa bado zizini. Guracha alishangaa, mwalimu mzima kuuliza swali kama hilo.

"Wakijazana, hata baba hawezi," akasema.

Lo! Kadii alirudi mbio, maziwa yakimwagika njiani. Akachukua boksi la majani ya chai, akakata kipande, akatoboa katikati tundu la kutosha neno moja tu, akakilaza juu ya kitabu. "Hili ndilo lango," akamwambia Guracha. "Watoe mmoja mmoja." Walimu wenzake walimcheka mpaka wakachoka wenyewe. Yeye na Guracha wakaendelea kila jioni, wakigombana na kutaniana, na maneno yakaanza kutoka.

Mvua ya kwanza iliponyesha, Mzee Godana akaja na fimbo yake kumchukua mwanawe. Kadii akamwomba asikilize kwanza. Guracha akaweka lango lake, akasoma. Alikwama, akarudi nyuma, akaendelea mpaka ukurasa ukaisha. Jamani, Kadii alitaka kuruka kwa furaha.

Mzee Godana akasogea karibu. Akakiomba kile kipande, akakisogeza mwenyewe juu ya ukurasa, taratibu. Kisha akaeleza kwa sauti ya chini kwamba utotoni alipelekwa chuoni kusoma Kurani, herufi zikamjia zote kwa pamoja, akachapwa mpaka akatoroka. Tangu siku hiyo alijihesabu mjinga, na hakuwahi kumwambia mtu.

"Ng'ombe atakwenda nao ndugu yangu Diba," akasema. Akakohoa, akatazama mlangoni kama kuna anayesikia. "Na mtu mzima, mwalimu, yeye huja saa ngapi?"