Kivinjari Kisichosema

Siku hizi watu wanasema kivinjari. Mwishoni mwa miaka ya tisini, pale Nchelenge kando ya ziwa, neno hilo hatukuwa nalo, na kila kitu kilichotokea baada ya modemu kumaliza kulia tulikiita intaneti tu. Mimi nilikuwa karani wa mradi mdogo wa samaki. Kazi yangu ilikuwa kuandika kwenye kompyuta hesabu za samaki walioshushwa Kashikishi, Kabuta na kisiwani Kilwa, Kilwa ya ziwani kwetu, kisha kuzituma Lusaka kwa laini ya simu. Mvua ikitishia, laini ilikufa kabla ya tone la kwanza kuanguka.

Nilizaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, nikaolewa upande huu. Ofisini nilisema Kibemba na Kiingereza. Nyumbani tulisema Kiswahili changu cha Kongo, kwa sababu mume wangu alikuwa amejifunza kwangu na alikipenda kuliko nilivyokipenda mimi. Alikuwa nesi. Zamu yake ikiisha, alipitia ofisini kunichukua, na kama hakuna aliyekuwa na kazi na kompyuta, mkubwa wangu alimruhusu aitumie. Mimi nilikuwa nikifunga makabati na kufagia, yeye akiwa amekipa mgongo chumba.

Mkubwa wangu alikuwa mtu mwema mwenye sauti ya kuitia mtumbwi. Siku moja alirudi kutoka Lusaka na sidii aliyoifunga kwa gazeti. Ndani yake mlikuwa na vivinjari viwili: toleo jipya la kile tulichokuwa nacho, na kingine kilichotengenezwa na watu wengine kabisa. Lusaka walitaka tuache kile cha zamani, kwa sababu hesabu zetu sasa zingepita kwenye ukurasa wenye ulinzi. Tatizo ni kwamba kompyuta yetu ilikuwa imejaa samaki wa miaka mingi. Nafasi iliyobaki ilitosha kivinjari kimoja.

"Mayo," akaniambia, yaani mama, kwa Kibemba chake cha heshima, "wewe ndiye unayekaa nayo kutwa. Chagua kilicho salama."

Nilipovijaribu vyote viwili mbele yake, kimoja baada ya kingine, alikwisha chagua yeye mwenyewe. Toleo jipya la kile cha zamani lilikuwa na kipicha kwenye pembe kilichozunguka wakati ukurasa unakuja, na kilizunguka vizuri sana. Nikamwambia kwamba hata Kashikishi injini ya boti hainunuliwi kwa rangi yake. Akacheka, akaenda zake, lakini nilijua moyo wake umebaki kwenye kile kipicha.

Nikasoma maelezo, kwa sababu mimi ni mtu wa kusoma maelezo. Vyote viwili vilikuwa na kufuli dogo chini ya kioo. Likiwa wazi, mtu wa njiani anaweza kusoma unachotuma, likifungwa, hawezi. Basi kwa njiani vilikuwa sawa. Tofauti ilikuwa humu chumbani. Toleo lile jipya, kama mzee wake, lilikumbuka kila mahali tulipopita, na ukiandika herufi ya kwanza ya anwani, lenyewe linakumalizia. Kile kingine kilianza kwa kukuuliza wewe ni nani. Kila mtu alikuwa na jina lake na neno lake la siri, na alichokisoma kilibaki kwake. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na mimi nilikuwa nimeshaonja maana yake kwenye kompyuta hiyo hiyo.

Ilikuwa hivi. Wiki ileile ya sidii niliandika herufi moja nikitafuta ukurasa wa nyimbo za kanisa, na kompyuta ikanimalizia anwani nisiyoijua. Nikaiacha inipeleke. Ulikuwa ukurasa wa watu wanaotafuta manesi wa kwenda kufanya kazi Uingereza. Nikajaribu herufi nyingine. Ikanileta kwenye vibali vya kuingia nchini humo. Nyingine, vyumba vya kupanga karibu na hospitali. Kompyuta ile tuliigusa watu watatu, na mkubwa wangu, aliyeandika kwa kidole kimoja, hakuwa nesi.

Niliumia. Nasema wazi, kwa sababu nikisimulia kwa sauti hii yangu watu hufikiri sikuumia. Miaka ile manesi wetu walikuwa wanaondoka mmoja mmoja, na nyumba zao tulizijua. Nyingine zilipata mabati mapya. Nyingine zilipata barua, kisha zikaacha kupata barua. Sikuogopa umbali. Niliogopa kwamba alikuwa anaupanga akiwa amenipa mgongo, na mimi nafagia nyuma yake.

Mtu atauliza kwa nini sikumwuliza. Mume wangu alitoka kwa wavuvi wa Kabuta, na katika ukoo wao mtu anayetoka kwenda kutega nyavu haulizwi anakwenda upande gani. Ukimwuliza umeifunga safari. Atageuka, atarudi, atakaa chini, na siku hiyo haendi tena. Nilipoolewa nilifundishwa jambo hilo kabla ya kufundishwa jiko la mama mkwe liko wapi. Na mume wangu, pamoja na sindano zake na shahada yake ukutani, alilishika. Nilimwona mara mbili akirudi kutoka mlangoni kwa sababu mgeni asiyejua alimwuliza, na mara zote mbili alikaa kwenye mkeka bila kinyongo.

Kwa hiyo kumwuliza ilikuwa sawa na kumzuia, na mimi sikutaka kuwa mwanamke aliyemzuia. Nilitaka aniambie mwenyewe.

Nikaanza kumchungulia. Kila asubuhi niliandika herufi ya kwanza, kompyuta ikanionyesha alikofika jana yake. Alikuwa anasonga mbele: fomu, kisha mtihani wa Kiingereza, kisha bei za ndege. Jioni alinisindikiza nyumbani akiniambia habari za wagonjwa, na mimi nikimjibu kwa sauti ya mke ambaye hajui kitu. Ni kazi inayochosha kuliko kufua.

Basi siku ya kuchagua ilipofika, hoja zilikuwa mbili kichwani mwangu, na mkubwa wangu alipewa moja. Nilimwambia kila anayeingia ofisini anaweza kuona tunakotuma hesabu, na hiyo si salama, jambo ambalo lilikuwa kweli tupu. Hoja ya pili ilikuwa kwamba nilikuwa nimechoka kuwa mwizi nyumbani kwangu. Nilichagua kile cha majina na maneno ya siri. Mkubwa wangu akanuna kidogo kwa ajili ya kipicha chake, akatia sahihi. Nikafuta kile cha zamani pamoja na kumbukumbu zake zote, nikaweka kipya.

Jioni ile mume wangu alipokuja, nilimvutia kiti.

"Tata, ona. Hapa utaandika jina lako. Hapa neno lako la siri. Mi sitalijua."

Alikaa, akakisogelea kioo.

"Na ile ya zamani?"

"Nimeitoa."

"Na bile yote mashini ilikuwa inakumbuka?"

"Yote. Haitasema kitu tena."

"Ni ya kisasa," akasema. "Ni muzuri."

Akaandika jina lake. Alipofika kwenye neno la siri niligeuza uso dirishani, na nilijiona mke mwenye adabu kupita wote wa ufuko ule. Nilifikiri sasa ana chumba chake na hana wa kumwogopa, basi atatoka mwenyewe aje aseme.

Hakusema. Alizidi kuwa mpole, na upole wake ulinitia wasiwasi kuliko hasira. Aliacha kunitania. Alitengeneza mlango wa kuku uliokuwa umevunjika tangu mwaka wa nyuma, akanunua mkaa wa kutosha majira yote ya mvua. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nilikuwa nausubiri mshindo huku nikijifanya nasubiri mvua.

Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani. Nilikuwa nimeketi uani napepeta chisense, dagaa wetu wa ziwani, kuondoa mchanga. Mkeka ulikuwa umetandikwa mbele yangu. Akaja akasimama pembeni yake, viatu vya kanisani bado miguuni.

"Mama, nimetia sahihi. Kazi ya ku Ulaya."

"Nilijua," nikasema.

"Nilijua unajua."

Nikainua uso. Alikuwa hanitazami.

"Siku moja niliandika herufi moja mu ile mashini, ikaniletea nyimbo zako za kanisa," akasema. "Njo pale nikajua: kile ninasoma mimi, naye ataona. Nikaacha vile, sikufuta. Kila siku nikaacha."

"Juu ya nini?"

"Juu uniulize." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mi mutoto wa Kabuta, mama. Ungeniuliza, ningebakia. Sikukuwa na nguvu ya kubakia peke yangu. Nikaongoja. Alafu ukafuta yote, ukanipatia mulango na kifunguo chake. Ukageuza na macho. Nikasema, basi, amenijibu. Ananiambia niende."

Akufukuzaye hakwambii toka. Ndivyo alivyonisoma, na nikiyapanga matendo yangu mbele ya mtu mwingine yeyote, angenisoma vilevile.

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye kwanza, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu: mwanamume mzima, mwenye ulimi wa lugha tatu, aliyeiachia mashine ya ofisi imsemee kwa mkewe. Nikamwambia hivyo hivyo. Akaitika kwa kichwa. Kisha nikawakasirikia wote walionifundisha kunyamaza kwa heshima, na waliomfundisha yeye. Hasira ilipopungua, kulikuwa na hofu chini yake, na hofu ndiyo iliyoninyanyua. Nikaweka ungo chini.

"Tata," nikasema, "unaenda wapi?"

Nililisema kwa sauti, pale uani, mchana, majirani wakisikia. Nikamwona ameshtuka. Goti lake la kulia lilianza kukunjika kuketi, kama mwili umekumbuka kabla yake. Akautazama mkeka.

Kisha akanyooka bila kukaa, akanitajia jina la mji.