Niliufumia Mfuko wa Mkojo Maua

Kosa ni langu, ndugu zangu, na simsukumii muuguzi wala shetani. Mimi ni mjane wa hapa Kibaha. Kidato cha nne nilikimaliza nikiwa na miaka hamsini na mmoja, kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sijui kusoma.

Jumatano, tarehe 7, mdogo wangu Zaina alikuwa anatimiza siku ya nne katika chumba cha wagonjwa mahututi. Alikuwa amewekewa mpira wa mkojo, na mfuko wake ulining'inia chini ya kitanda, peupe kabisa. Na saa kumi jioni wakwe zake walikuwa wanakuja kutoka Msimbu!

Niliona aibu. Jamani, aibu!

Nikaufumia mfuko ule kitambaa cha maua mekundu, kama vile vya makochi yangu. Lakini maua yakikaa chini nani atayaona? Nikautundika juu, kwenye chuma cha kitanda karibu na mto. Ukutani palikuwa na tangazo: mfuko usipandishwe juu ya usawa wa kibofu. Nililisoma lote, tena kwa sauti!

"Dada, mkoba mzuri huo," mama mkwe wa Zaina alisifu, akiupapasa. Nikaugeuza maua yamwelekee vizuri.

Muuguzi akaingia, akashtuka.

"Mama, nani katundika hiki?"

"Mimi, mwanangu. Ukitaka cha kwako nitakufumia."

"Mama! Mkojo unarudi ndani!"

Mama mkwe aliuvuta mkono kama aliyeshika sufuria ya moto.

Ijumaa, tarehe 9, Zaina akapandisha homa. Vipimo vikaonyesha maambukizi kwenye mkojo. Daktari hakunitaja, ila aliyatazama yale maua kwa muda mrefu.

Siku hiyo Zaina alikuwa ahamie wodi ya kawaida, ili Jumapili bintiye aliyekuwa anaolewa aje ambusu mkono. Hakuhamishwa. Bibi harusi alisimama nyuma ya kioo na shela lake, akapunga. Mama yake akapunga. Ole wangu! Nililia hadi muuguzi akaniletea kiti.

Zaina amepona, alhamdulillahi. Kitambaa alikichemsha mara tatu, akaivalisha chupa ya chai. Mgeni akikisifu, humjibu: "Kafuma dada yangu. Kilinilaza siku tisa zaidi. Nikumiminie?"

Basi wewe unayeuguza, mfuko ukiukuta chini, uache chini. Nawa mikono. Kila siku uliza kama mpira bado unahitajika. Maua yapeleke sebuleni. Aibu ilikuwa yangu, lakini kibofu kilikuwa cha Zaina!