Tonge la Kwanza

Tangu tulipomzika mama, miaka michache baada ya baba, nyumbani kwetu Kadutu hakuna anayegusa bugali kabla yangu. Shangazi yetu anayekaa Walungu ndiye aliyewaambia wadogo zangu watatu kwamba tonge la kwanza sasa ni la yaya, dada yao mkubwa. Niliacha shule, nikaanza kuuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, sokoni, na kila jioni nikalikata tonge hilo. Leo ni watu wazima, lakini bado wananingoja.

Mama aliuawa na kansa ya utumbo mkubwa. Ndiyo maana, nilipokaribia umri wake, daktari aliniambia nipimwe hata kama siumwi. Kipimo cha mpira mrefu wenye kamera kiliniogopesha, akanipa kile cha skana. Skana hupiga picha za utumbo kutoka nje. Hulazwi usingizi, unarudi kwa miguu yako. Ila utumbo lazima uwe mtupu. Siku nzima kabla ya kipimo ni maji, chai bila maziwa na dawa ya kuharisha.

"Hata tonge moja, maman, hapana," daktari akanionya.

Jioni ile sahani iliwekwa, bugali na maharagi. Mikono ikabaki magotini.

"Mukule," nikasema.

"Tutakula namna gani na wewe uko na njaa?" akauliza kaka anayenifuata.

"Daktari alikataza."

"Basi hata sisi alitukataza," akasema kitinda mimba wetu, binti mwenye mdomo. Wakacheka, lakini hakuna aliyenyoosha mkono. Bugali ukaanza kupoa. Nikakata tonge, nikachovya, nikameza. La pili na la tatu yakaja yenyewe.

Hospitalini waliniingiza kampira kafupi nyuma, wakajaza hewa. Tumbo lilibana, nikalala chali, kisha kifudifudi, nikizuia pumzi. Hayo yalivumilika.

"Maman, ulikula?" daktari akauliza, macho kwenye picha.

"Hapana."

Akanionyesha vidoa ukutani mwa utumbo. "Mabaki ya chakula yanafanana na uvimbe. Kama hukukula, basi hii ni nyama iliyoota."

Akilini niliwaona wadogo zangu, mikono magotini.

"Nilikula maharagi."

Hakugomba. Alisema tu kwamba picha ile hawezi kuiamini, na kwamba nitapita tena chini ya mionzi. Nje, kwenye benchi, mzee mmoja alikuwa amenyimwa nafasi ya kupimwa siku ile, nami yangu nilikuwa nimeiharibu. Sikuweza kumtazama.

Mara ya pili nilikunywa maji jikoni, peke yangu, na bugali wao ukalala hadi asubuhi bila kuguswa. Picha zilitoka safi, na kati ya vidoa vyote kimoja kilibaki: kivimbe kidogo, cha kweli. Skana huona, haitoi. Ili kukiondoa, na kujua ni cha aina gani, lazima nikubali ule mpira mrefu niliokuwa nimeukimbia, na utumbo mtupu tena.

Kesho ninaingia. Jioni hii niliwaambia yote: maharagi, uongo, kivimbe, na kwamba zamu yao ya kupimwa itafika. Kisha kitinda mimba akavuta sahani, akakata tonge la kwanza, akalitafuna huku akinikazia macho.

"Yaya, kunywa maji yako."

Wengine wakafuata. Nilikunywa. Nilikuwa nimewaomba hivyo, lakini nilipowaona wakila bila mimi nilihisi kama nimewaacha.