Mkungu wa Ndizi Altareni

Nikiwa ofisi ya parokia, Unyambwa, nikisubiri cheti cha ubatizo, mama mmoja Mhaya alitua mkungu wa ndizi mbele ya katekista. Wahaya waliohamia huku walikuwa wanajiandaa kwa sikukuu ya mtakatifu somo wao.

"Mama, kwenye matoleo hapa tunapeleka uwele na kuku," katekista alisema, akiusukuma mkungu kwa ncha ya kalamu.

"Uwele wenu Mungu ameuzoea," mama akajibu, mikono kiunoni. "Jumapili ataona na vya kwetu."

Jumapili ndizi ziliingia kanisani kwa ngoma. Kwenye mnada wa matoleo baada ya misa, aliyezing'ang'ania mpaka wengine wakaacha kupandisha bei ni katekista. Akapita na mkungu begani, akamnong'oneza mama: "Hivi, kabla ya kuzipika, mnazimenya kwanza?"

Wanaosema mgeni ndiye wa kufundishwa, wanijibu: hapo mwanafunzi alikuwa nani?